Usiifute hiyo kozi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kusainiwa fomu za kozi, mbele yangu binti wa mwaka wa kwanza, fani yake takwimu kama mimi. Kwenye nafasi ya maina, yaani fani ndogo ya pembeni ya fani kuu, alikuwa ameandika Jinsia na Masomo ya Wanawake, mwandiko mzuri kabisa. Mshauri wa masomo akaisoma, akamwangalia, akasema, "Binti, wewe una kichwa cha hesabu, hii ya nini? Weka kitu chenye maana." Akamrudishia fomu. Na yule binti akaikata. Akapiga mstari mmoja wa kalamu, akapiga wa pili juu yake, halafu akabana neno Uhasibu pembeni, kwenye kinafasi kilichobaki. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake na sikusema kitu, na mpaka sasa naandika hapa bado inaniuma.

Niko mwaka wa mwisho, mwanaume, takwimu ndio fani yangu kuu na jinsia ndio maina. Maneno nimeshayazoea: utaajiriwa wapi, umefuata wasichana huko, umekuwa adui wa wanaume wenzako. Hayo siyajibu tena. Lakini hili la "una kichwa cha hesabu" lazima nilijibu, maana mwenye kichwa cha hesabu ndiye anayeihitaji hii kozi kuliko wote.

Semista iliyopita tulipewa data ya mazoezi, majibu ya dodoso la kaya, tukaambiwa tupige asilimia ya watu wanaofanya kazi. Safu ya kazi ina moja na sifuri tu, moja anafanya, sifuri hafanyi. Nikawa nateremka na ile safu taratibu, nikafika kwa mama mmoja wa miaka 34, watoto wanne, mgonjwa mmoja ndani ya nyumba. Kwenye sehemu ya matumizi ya muda ameandikwa anaamka saa kumi alfajiri, analala saa tano usiku, na katikati hapo kupika, kufua, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani. Kazi: sifuri. Nikarudi kusoma swali lenyewe jinsi lilivyoulizwa, "Je, unafanya kazi?", na nikaweza kabisa kumsikia akijibu hapana, niko nyumbani tu. Hilo neno "tu" ndilo limeingia kwenye data kama sifuri! Miaka miwili nyuma ningepiga hesabu, asilimia ingetoka safi, ningepata alama zangu na nisingejua kwamba nimemfuta mtu.

Na hili sio suala la hisia, ni suala la vipimo. Kwenye pato la taifa, chakula kikipikwa mgahawani kinahesabiwa, kikipikwa jikoni kwako na mtu asiyelipwa ile kazi ya kukipika haimo. Mtoto akilelewa na yaya wa mshahara imo, akilelewa na mama yake haimo. Marilyn Waring, aliyewahi kuwa mbunge New Zealand, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1988, na ilibidi ifike 2013 ndipo wanatakwimu wa kazi wa dunia, kwenye mkutano wao chini ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba kupika na kulea nyumbani kwako nako ni kazi, hata kama sio ajira. Kazi na ajira, maneno mawili tofauti, na Kiswahili tunayo yote mawili siku zote. Haya mimi sikuyapata kwenye kozi za takwimu. Niliyapata kwenye maina.

Mfano mwingine wa haraka. Zolpidem, dawa ya usingizi, iliruhusiwa Marekani 1992, halafu 2013 ndio mamlaka ya dawa ya huko ikaagiza dozi ya wanawake ipunguzwe kwa nusu, kwa sababu inachelewa kutoka mwilini mwao na asubuhi wanaendesha gari dawa bado imo. Zaidi ya miaka 20 dozi ileile kwa wote. Au ile kesi ya wanawake weusi wa Marekani dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, mahakama 1976 ikasema leteni madai ya ubaguzi wa rangi au leteni ya ubaguzi wa jinsi, sio mchanganyiko, na mwanasheria Kimberlé Crenshaw 1989 akaeleza kwa nini jibu hilo linawaacha nje. Mwanatakwimu analielewa hili mara moja. Ukitazama safu moja moja kila kitu kiko sawa, ukizikutanisha ndio unaona kuna kisanduku kitupu.

Sawa, nakubali, kuna wanaosema baadhi ya maandishi ya masomo ya jinsia ni magumu bila sababu, na ni kweli, kuna makala nimesoma mara nne na sina uhakika kama hata aliyeandika alijielewa. Na maina ni kozi chache tu, haikufanyi mtaalamu. Cheti hakitakutafutia kazi chenyewe. Lakini hata Uhasibu wa kozi chache haukufanyi mhasibu, mbona huo hauulizwi?

Jana nilimkuta yule binti maktaba, nikamsalimia, nikamwonyesha ile safu kwenye laptopu yangu. Hakuongea kwa muda. Akaweka kidole kwenye ile sifuri ya yule mama, akateremka mpaka iliyofuata, na iliyofuata, halafu akaniuliza, "Kaka, mwisho wa kubadilisha kozi ni lini?" Ni Ijumaa. Nimemwambia nitakwenda naye, na safari hii sitakaa hatua mbili nyuma.