Simiti umenunua wewe, ufa ni wa nani?

Ukikaa na wenye ploti za kupangisha Kisumu, kuanzia Nyamasaria mpaka Mamboleo, utasikia wosia mmoja: usimpe mkandarasi pesa za vifaa. Simiti nunua mwenyewe, nondo nunua mwenyewe, fundi umlipe ufundi tu. Anayefanya vinginevyo huonekana mshamba aliyeliwa mchana.

Wosia huo haukutoka hewani. Wapo walioachiwa msingi na shimo la choo huku simu ya mkandarasi haipatikani. Ukinunua mwenyewe unajua bei, risiti unazo, na faida ambayo angejiongezea inabaki kwako. Kama umestaafu na saiti iko nyuma ya nyumba yako, sina neno.

Ila wengi wa hawa wako kazini Nairobi na wananunua vifaa kwa simu. Tuchukue mfano wa bedsita 12, yaani nyumba za chumba kimoja, kila moja kodi shilingi 7,000 kwa mwezi. Tuseme vifaa ni milioni 2 na mkandarasi angeongeza asilimia 10. Umeokoa 200,000, hongera. Jumanne mchanga unaisha. Fundi anakupigia, uko mkutanoni. Jioni unatuma pesa kwa M-Pesa, mwenye lori anasema kesho, na kesho mvua inanyesha. Udongo mweusi wa Nyamasaria ukilowa hata gambuti inabaki humo. Fundi mliyepatana kwa kazi nzima hakai kukungoja. Ana watoto, anahamia saiti nyingine, na kumrudisha ni wiki mbili za kubembelezana. Nyumba ya miezi 4 inaisha kwa 7. Kodi ya miezi 3 ni 252,000. Utaniambia vyumba havijai siku moja. Sawa, toa mwezi mzima: bado ni 168,000. Kilichobaki ni 32,000, mshahara wako wa kushika simu miezi saba, na hatujagusa riba ya sacco. Hasara hii haina risiti, ndiyo maana haisimuliwi kwenye matanga na harusi kama ule mfuko mmoja wa simiti ulioibwa.

Na huo wizi wenyewe tunauvizia pasipo pake. Mwenye nyumba anahesabu mifuko mitupu, akiikuta yote anaridhika. Lakini zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani simiti, mchanga na kokoto, linataka vyote vipimwe kwa kipimo kimoja. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35. Wilbaro hubeba lita 60 na zaidi. Fundi akimwaga mfuko mmoja, wilbaro mbili za mchanga na nne za kokoto, hajaiba hata kijiko, na zege lako limekuwa uji.

Ufa ukitokea, fundi atasema simiti uliyoleta ilikuwa imelala dukani. Wewe utasema ni mkono wake. Nani atajua? Mkandarasi aliyechukua kazi pamoja na vifaa hana pa kukimbilia, hasa ukiwa umemshikia asilimia 10 ya malipo kwa miezi 6. Kuziba ufa si gharama ya kuchezea pia: tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hutoza ushuru wa asilimia 7.5 kwenye kodi yote unayopokea, kwa aliye kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na gharama za matengenezo haziondolewi.

Bila shaka simaanishi umpe hela zote siku ya kwanza. Awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, orodha ya vifaa na kiasi chake iandikwe, malipo yafuate hatua: msingi, linta, paa. Nauli ya Nairobi hadi Kisumu itumie siku ya zege. Fika asubuhi, uliza wanapimia nini. Wakikuonyesha kasha la mbao la ujazo wa mfuko mmoja, tafuta kivuli unywe chai. Wakikuonyesha wilbaro, simamisha kazi.