Kisimani hadi kwenye tangi? Labda kwao

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, inashika mafuta tangu kisimani hadi kwenye tangi la gari. Kwa historia yake sikatai: ilizaliwa 1924 kama Compagnie française des pétroles, kwa ajili ya fungu la Ufaransa katika mafuta ya Iraki, ikajenga kiwanda cha kusafishia kule Normandie, 1999 ikameza Petrofina ya Wabelgiji, mwaka uliofuata Elf, kampuni nyingine ya Ufaransa. Faida yake naielewa pia: mafuta ghafi yakishuka bei, kisima kinalia lakini kiwanda kinanunua rahisi. Ila kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mnyororo huo unakatika. Mafuta ya Muanda, kule pwani ya Kongo, yanauzwa nje yakiwa ghafi, sisi tunangoja malori ya kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na wa mwisho kabisa ni kadhafi, yaani muuzaji wa esansi (petroli) kando ya barabara, chupa iliyokatwa kitako ndiyo faneli yake. Nimeifanya kazi hiyo miaka minne. Mteja mjanja alikuwa anadondosha tone kiganjani: esansi safi inakauka mara moja, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha utelezi. (Yangu ilikauka, karibu siku zote.) Ninyi wa Goma, bado mnapima hivyo, au kadhafi wenu ni waaminifu kuliko sisi?