Sauti ya asili sebuleni: kwanza chumba au kwanza ikwalaiza?

Spika zilizopendeza dukani hufika nyumbani Kireka au Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, zikabadilika tabia. Besi inavuma noti moja muda wote, mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa, na matoazi yanachoma masikio. Kuanzia hapo ushauri unagawanyika. Kundi moja linasema upime chumba kwa maikrofoni, kisha uiachie programu irekebishe sauti kwa ikwalaiza, yaani kwa kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba kila moja peke yake. La pili linataka usogeze spika, utandike zulia, na ikwalaiza usiiguse kabisa. Mimi nipo karibu zaidi na kundi la pili, ila hilo katazo lao la ikwalaiza silikubali. Na kundi la kwanza lina hoja ambazo mpangaji wa Kampala hawezi kuzipuuza.

Tutazame nyumba zenyewe. Kuta za matofali zimepigwa plasta, sakafu ni saruji au vigae, madirisha ni vioo vikubwa. Vitu hivi hunyonya sauti kidogo mno, na karibu yote hurudi chumbani. Mwishoni mwa karne ya 19, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba muda ambao mwangwi hudumu hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha sauti kinachonyonywa. Chukua sebule tupu ya meta 5 kwa 4 yenye kimo cha meta 3. Ikiwa kuta, sakafu na dari hunyonya asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga, hesabu ya Sabine inatoa mwangwi wa zaidi ya sekunde 3. Ingiza sofa za kitambaa, zulia zito, mapazia mazito na rafu iliyojaa vitabu, na muda huo unaweza kushuka hadi karibu nusu sekunde. Kazi hiyo ikwalaiza haiwezi. Inaweza kupunguza sauti nyembamba zinazotoka kwenye spika, lakini zile zinazotoka zitaendelea kuzunguka ukutani muda ule ule.

Kwa nini mwangwi unaharibu kiasi hiki? Nenda Ndere Centre pale Ntinda usikilize amadinda, ile marimba kubwa ya Baganda. Wapigaji wawili hukaa pande mbili wakipishana, pigo la huyu likiingia katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu anadokoa funguo mbili za mwisho. Uzuri wote umo katika kule kupishana. Ukipiga rekodi ya muziki huo katika chumba kitupu, pigo la kwanza bado linavuma wakati la tatu linaingia, na mikono miwili inageuka kelele moja. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha sauti ya asili: je, kila pigo la mti juu ya mti linasikika peke yake? Kipimo cha pili ni kadongo kamu. Ni mwimbaji anayesimulia na gitaa lake, na ukipotea mstari mmoja umepoteza kisa.

Kwenye besi mambo hubadilika, na hapo watu wa programu wanapata nguvu. Sauti husafiri takribani meta 343 kwa sekunde. Katika muzigo, kile chumba kimoja cha kupanga, chenye meta 3 kwa 3, mawimbi ya hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, hunasa kati ya kuta mbili na kujirundika. Kwa kuwa pande zote mbili zinalingana, mrundikano unatokea mara mbili kwenye noti ile ile. Zulia halifui dafu mbele ya wimbi lenye urefu wa meta 6. Lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, likitundikwa ukutani, pamoja na uzuri wake wote, ni jembamba na hugusa sauti za juu tu. Ikwalaiza inaweza kukata kilele cha mrundikano huo, na katika masafa ya chini ukikikata vizuri hata ule mvumo wake unafupika. Hiyo ni faida ya kweli.

Ila kuna upande ambao programu hushindwa. Spika ikikaa meta 1 kutoka ukuta wa nyuma, wimbi linalorudi kutoka ukutani hupambana na lile linalotoka mbele, na kunachimbika shimo, yaani sauti inafifia, karibu na hezi 86. Ukijaribu kulijaza kwa desibeli 10, unaidai amplifaya nguvu mara 10, na shimo linabaki, kwa sababu wimbi linalofuta nalo limepandishwa. Dawa yake ni kusogeza spika au kiti. Mara nyingi hatua moja mbele hufanya kazi ambayo kitufe hakiwezi.

Wenye programu watauliza: katika muzigo wenye kitanda, jiko na runinga, kiti kisogezwe wapi? Swali ni la haki. Watasema pia kwamba Room EQ Wizard, programu ya kupima chumba, ni ya bure. Ni kweli, lakini maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 ni ya kununua, na ya simu mara nyingi hudanganya kwenye besi. Halafu kuna usiku. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sehemu nyingine. Mwenye jirani nyuma ya ukuta mwembamba akiongeza besi kidogo huku akisikiliza kwa sauti ya chini, anaikaribia sauti ya asili, haiharibu.

Kosa ninalolipinga kwa nguvu ni kulazimisha kipimo cha sauti kiwe mstari ulionyooka, besi na sauti za juu sawasawa, pale unapokaa. Mtafiti wa sauti Floyd Toole, kwanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye kampuni ya Harman, aliwasikilizisha watu spika bila wao kuziona, na wengi walipenda zile ambazo sauti yake ya mbele imenyooka na ya pembeni inashuka taratibu. Spika ya namna hiyo ikiingia chumbani, kipimo kwenye kiti huteremka chenyewe kutoka besi kwenda juu. Ukiunyoosha mteremko huo, muziki unakonda na kukwaruza.

Kwa hiyo ningetumia pesa hivi: mapazia mazito ya mitumba kutoka soko la Owino kabla ya waya za bei kubwa, zulia kabla ya sabufa. Spika zitoke kwenye kona, kiti kitoke ukutani, hata kwa nusu meta. Baada ya hapo ikwalaiza ikate kilele kimoja au viwili chini ya hezi 300, isijaze shimo lolote. Mvua ikipiga mabati, zima usubiri. Na kwa wapangaji, ambao ndio wengi wetu, kuna hesabu moja zaidi: siku ya kuhama, mapazia na zulia vinapanda gari pamoja na spika, lakini vipimo vya ikwalaiza vya chumba cha zamani ni vya kufuta, kwa sababu kuta mpya zina noti zake.