Kumweleza Mzungumzaji wa Kihindi Maana ya "Coax"

Kamusi za Kiingereza na Kihindi zinapofika kwenye kitenzi "coax", yaani kubembeleza kwa upole na subira, aghalabu hutanguliza neno "phuslana", yaani kubembeleza au kurubuni, na kwa maoni yangu hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kupotezwa. Neno lenyewe si baya, kwani hata mama humfanyia mwanawe "phuslana" pasipo mtu kulalamika. Lakini limezoeleka mno katika habari za polisi. Msomaji wa magazeti ya Kihindi hukutana mara kwa mara na "bahla-phuslakar", yaani kwa kurubuni, katika taarifa za msichana aliyetoroshwa au mtoto aliyeibwa. Aliyekariri tafsiri hiyo pekee, akisoma kwamba muuguzi alitumia "coax" ili mgonjwa ale, atamshuku muuguzi wa watu bure.

Walimu wengine hukimbilia "manana", yaani kumridhisha mtu. Hilo ni afadhali, ila lina mwenzake, "ruthna", yaani kususa: mmoja amenuna, mwingine anamwendea na kumtuliza mpaka moyo wake ulainike. Anayefanyiwa "coax" si lazima awe amesusa; huenda anaogopa, anaona haya, au hana hamu tu. Paka aliyejificha chini ya kitanda hajagombana na mtu.

Mimi ningeacha kusaka neno moja nikaingia moja kwa moja kwenye sentensi. Kihindi husema "Maa ne bachche ko pyar se manakar dawa pilai": mama alimbembeleza mtoto kwa upendo, akamnywesha dawa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa "pilana" hutokana na "pina" kama kunywesha kunavyotokana na kunywa. Kihindi hutenga kubembeleza na kunywesha katika vitenzi viwili, ilhali Kiingereza, kikisema "The mother coaxed the child into taking the medicine", huweka uzito wote kwenye "coax", kisha "into" ikadokeza kwamba mtoto hatimaye alikunywa. Mwanafunzi asiyeonyeshwa kazi ya hicho kihusishi atadhani mama alijaribu tu. (Atakayelitafuta neno hili kwenye intaneti ataletewa pia picha za kebo ya televisheni, lakini "coax" hiyo ni kifupisho cha neno jingine kabisa, "coaxial", na hata matamshi yake ni tofauti.)

Ugumu zaidi uko kwenye vitu visivyo na masikio. Fundi anayehangaika na injini kuukuu asubuhi ya baridi, akiipa mafuta kidogo kidogo, akingoja, akijaribu tena mpaka iwake, kwa Kiingereza anaifanyia "coax", lakini ukisema kwa Kihindi kwamba ameifanyia injini "phuslana" utaonekana unatania. Kihindi hapo hutumia kitenzi cha kawaida cha kuwasha, kikitanguliwa na "dhire-dhire", polepole, au "kisi tarah", kwa namna fulani. Mwalimu asisite kutafsiri kitenzi kwa kielezi, maana subira iliyomo ndani ya "coax" Kihindi huiweka huko.