Mkutubi anayenong'ona "Sci-Hub"

Mwanafunzi wa uzamili anatafuta makala moja tu ya tasnifu yake, na tovuti ya jarida inamdai dola ambazo hana. Anakwenda kwa mkutubi wa chuo. Mkutubi anatazama huku na huku, kisha anamwandikia neno moja kwenye kikaratasi: Sci-Hub.

Huyu apelekwe kamati ya nidhamu? Wanaosema ndiyo wana hoja. Tovuti hiyo, inayotoa bure makala za kulipia bila idhini ya wachapishaji, na iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011, ilishahukumiwa: mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru Elsevier, wachapishaji wa majarida, walipwe fidia ya dola milioni 15. Na ni mkutubi huyohuyo anayewafundisha wanafunzi kuheshimu hakimiliki.

Lakini tuiangalie bei. Aprili 2012 wahadhiri wanaoishauri maktaba ya Harvard waliwaandikia wenzao kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanakula karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba mwendo huo hauwezekani tena. Yalikuwapo yaliyofika dola 40,000 kwa mwaka. Jarida moja! Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi: kwa vyuo vyetu, hiyo ni mishahara ya mwaka ya wakutubi kadhaa. Ikiwa Harvard, na utajiri wake wote, inalia, chuo cha mkoani kifanyeje? Tena walioandika makala hizo, na wenzao waliozikagua, kwa kawaida hawakulipwa na jarida hata senti. Hata kanuni za maadili za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, za mwaka 2012 zinamtaka mkutubi awafungulie wasomaji maarifa kadiri inavyowezekana, huku akizitambua haki za waandishi. Wanaomwita mwizi wamesoma nusu ya pili peke yake.

Nywila ni habari nyingine. Sci-Hub imechota makala kwa kutumia akaunti za watu wa vyuoni, na nywila hizo mara nyingi ndizo zinazofungua barua pepe na mifumo mingine ya chuo. Mkutubi aliyeitoa nywila ya chuo simtetei.

Kikaratasi nacho hakikupaswa kuwa cha kwanza. Vyuo vya Tanzania vinaweza kujiandikisha bila kulipa Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, na Hinari, sehemu yake ya majarida ya afya, ipo tangu 2002. Wapo pia waandishi wanaoituma makala yao ukiwaandikia tu. Mkutubi asiyeyajua haya amemnyima mwanafunzi haki yake halali. Bado sijasikia aliyeitwa kamatini kwa kutoijua Hinari.