Wageni wana akili, mimi ndo sina

Jamani nipo ukurasa wa 143 na mpaka saa hizi sijui nani kafa. Hili dude nimelinunua juzi nje ya stendi ya Moshi, jamaa katandaza turubai chini, elfu tatu tu, jalada lina chombo cha angani kinatoa moto, nikasema na mimi leo msomi bwana. Nafika nyumbani ndo naona kwa herufi za sisimizi: kitabu cha pili. Kurudi kwa jamaa, "kaka cha kwanza kilishaondoka kitambo." Kwa hiyo kuna mtu humu Moshi ana mwanzo hana mwisho, mimi nina mwisho sina mwanzo, na hatutakaa tuonane.

Na mwandishi hana hata habari na wewe. Anaanza tu, baada ya yale yaliyotokea mwezi wa tatu. Mimi na kiingereza changu cha kuungaunga nikajua ni Machi, nikawa nawawazia wale viumbe na matope ya masika. Kumbe mwezi kabisa wa kule juu, sayari yao ina miezi minne inazunguka! Halafu majina yao, herufi tupu bila irabu, mate yanakuishia.

Sasa leo asubuhi nimepanda Kosta kwenda Arusha, siti ya wawili tuko watatu, pembeni yangu bibi mmoja na mkungu wa ndizi, nusu mkungu uko mapajani mwangu. Nikamwamkia, nikafungua kitabu.

"Unasoma Biblia mwanangu?"

"Hapana bibi, hadithi ya viumbe wa sayari nyingine, wana akili kutuzidi sisi."

"Walisoma wapi?"

Nikajitia mwalimu hapo. Nikamwambia bibi, ukiacha hili jua letu, nyota ya jirani kabisa inaitwa Proxima Centauri, mwanga wenyewe unaokimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja unatumia miaka minne na ushee kutoka huko. Kuna chombo Wamarekani walirusha 1977, Voyager 1, kinakwenda kilomita kama 17 kila sekunde, na umbali huo kingetumia zaidi ya miaka 70,000. Konda kageuka, "sasa hao wa kwako walikuja na usafiri gani?" Nikasema hiyo itakuwa kwenye kitabu cha kwanza. Gari zima likacheka, na muda huo tuko Boma Ng'ombe trafiki anazunguka tairi mara ya pili, kilomita 80 za Moshi Arusha tumeshakula saa nzima hata nusu bado.

Bibi hakucheka. Akasema, wewe umeanza kukomba ukoko hata makande hujaonja. Nikamweleza shida yangu, kwamba kuna kiongozi wao kapotea ukurasa wa 40, halafu katokea mwingine anajua siri zote, na wale watu wanajivua gamba kama nyoka. Bibi akatulia, akasogeza mkungu (kwangu).

"Mimi nilizaliwa na jina la nyumbani, nikabatizwa jingine, nikaolewa nikawa Mama Aika, sasa hivi kijiji kizima Bibi Elisha. Kwani nilikufa?"

Nikarudi ukurasa wa 40 mbio. Jamani. Wakijivua gamba wanabadilisha jina! Ni yule yule! Kurasa mia na tatu nimemlilia mtu mzima wa afya, na aliyeling'amua ni bibi ambaye hajashika hata jalada. Nilisikia raha halafu nikasikia hasira, maana nina diploma mimi.

Kikatiti wakapanda wanne wamesimama. Maji ya Chai mtoto katapika, tuliache hilo.

Tengeru bibi kashuka, ni siku ya soko, nikamshushia mkungu wake. Kugeuka, konda ananidai nauli ya mkungu! Namwambia ndugu yangu, kwanza nataka chenji yangu, nimetoa elfu kumi tangu Moshi. Ananiangalia macho makavu, "hela ulimpa nani? Mimi nimepandia Usa." Na kweli, sura siyo ile, shati siyo lile, ila kishindo cha kugonga bati ni kile kile. Nimeshuka stendi Arusha, nipo hapa kwa muuza kahawa namsubiri aliyechukua elfu kumi yangu, na kila konda anayepita namwangalia shingoni kama ana alama ya kujivua gamba.