Kabla ya Kushusha Kabureta

Cessna 172 ya miaka ya 1970, ndege ndogo yenye injini moja ya Lycoming O-320, inatua Dar es Salaam asubuhi ikitokea Zanzibar. Rubani anashuka amekunja uso. Anasema juu ya bahari, alipopunguza nguvu aanze kuteremka, injini ilikoroma, ikatetemeka, mizunguko ya injini kwa dakika ikashuka bila yeye kugusa kitu. Fundi anaiwasha pale pale. Inanguruma vizuri. Anaipandisha mpaka mwisho, haina neno. Mwenye ndege anafika hanga na amri moja kuhusu kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa: ishusheni.

Nimekuwa kwenye ubishi huo mara nyingi, na karibu kila mara fundi anayesema "ngoja kwanza" ndiye anayeonekana mvivu au mwoga wa kazi.

Wanaotaka ishushwe nao si watu wa kubezwa. Injini ni moja, chini ni maji, na kabureta imeshikwa kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya injini, kwa nati nne, waya mbili za kuiongoza na bomba la petroli. Kuiondoa hakumalizi siku. Kuna hitilafu kweli zinazojificha. Ndani ya kabureta kuna boya linaloelea kwenye petroli na kusukuma sindano inayoifunga ikitosha. Maboya ya zamani ya shaba hutoboka. Yale ya plastiki ngumu yaliyokuja baadaye yaligundulika yanafyonza petroli taratibu mpaka yanakuwa mazito. Boya likizama, sindano haifungi, petroli inafurika, injini inatoa moshi mweusi. Halafu kuna venturi, koo jembamba la kupitisha hewa, ya vipande viwili kwenye kabureta za aina ya MA-3 na MA-4, ambayo hulegea ndani kwa ndani. Miaka ya 1990 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa agizo la lazima kuikagua. Kitu kilicholegea kinaweza kukaa sawa leo na kukaa vibaya kesho. Mtu akikuambia hataki kubahatisha na kitu hicho, huwezi kumwita mjinga.

Lakini kabureta mbovu huacha alama. Inadondosha petroli baada ya kuzimwa, na doa la buluu linabaki kwenye boksi la hewa chini yake. Plagi zinatoka na masizi meusi makavu. Injini ikiwa inatembea polepole, ukivuta kitasa cha mchanganyiko, kinachopunguza petroli, taratibu ili kuizima, mizunguko inapaswa kupanda kidogo, kama 25 hadi 50, ndipo ife. Ikipanda sana, petroli imezidi. Ikifa bila kupanda, imepungua. Kipimo hicho hakihitaji spana hata moja, kinachukua nusu dakika. Sijui kwa nini hakifanywi kila ndege inapozimwa.

Sasa ile ndege ya asubuhi haikuwa na doa, haikuwa na masizi, na ilizimika kama inavyotakiwa. Tulipojaribu magneto, vifaa viwili vinavyotoa cheche za plagi, moja moja, mizunguko ilishuka ndani ya kiwango, haikuzidi 125, na tofauti kati yake haikufika 50. Petroli ya kwenye chujio haikuwa na maji. Kasketi za mabomba ya kuingiza hewa zilikuwa kavu. Kwa macho ya mwenye ndege, kilichobaki ni kabureta. Kwa macho yangu kilichobaki ni barafu.

Ukisema barafu Dar es Salaam watu wanakuangalia mara mbili. Lakini mwongozo wa FAA unaosomwa na marubani wengi duniani unasema barafu ya kabureta inaweza kutokea hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 38 na unyevu wa asilimia 50 tu. Isome tena hiyo. Ni joto linalozidi lile la kawaida la mchana wa Dar, na unyevu ambao kwa Pwani ni wa siku kavu. Asubuhi ya nyuzi 27, unyevu umepita asilimia 80, sisi tumo ndani kabisa ya hatari hiyo, wala hatuko pembezoni mwake. Fundi yeyote anajua petroli ikimwagika mkononi mkono unavyopoa. Ndani ya kabureta petroli hiyo inageuka mvuke kwa kasi, na hewa inayopita kwenye koo jembamba nayo inapoa; kwa pamoja joto linaweza kushuka zaidi ya nyuzi 30. Toa 30 kwenye 27. Na hali ni mbaya zaidi pale rubani anapopunguza nguvu, kwa sababu njia ya hewa imebaki upenyo, na barafu kidogo tu inatosha kuuziba. Hiyo ndiyo safari ya Zanzibar kwenda Dar: unapanda kidogo, unapunguza, unateremka juu ya maji.

Somo hili limeandikwa na watu wa nchi za baridi, na wanafunzi wetu hulipita haraka kama kitu cha Ulaya. Lycoming ina nafuu kidogo kwa kuwa kabureta imeng'ang'ania sampu yenye mafuta ya moto. Cessna 150 yenye injini ya kampuni nyingine, Continental O-200, haina nafuu hiyo.

Barafu ikiyeyuka haiachi doa. Ndege inapogusa ardhi, ushahidi umeshatoka kwenye bomba la moshi kama mvuke. Basi kabureta inashushwa, inafunguliwa, boya linapimwa. Nafasi kati yake na kasketi ni kama milimita tano na nusu; ukibana kasketi mpya vibaya au ukikunja kidole kidogo cha boya pasipo haja, umeingiza ugonjwa ambao haukuwepo. Hata kama mkono wa fundi ni safi, kwenye kitabu cha ndege inaandikwa: kabureta imekaguliwa na kurudishwa, injini imejaribiwa, iko sawa. Rubani anasoma hapo na kuamini amepona. Wiki ijayo anarudi bahari ile ile, saa ile ile, anapunguza nguvu vile vile, na safari hii hana wasiwasi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko siku iliyopotea na gharama ya kasketi. Wasiwasi wake ulikuwa ndiyo kinga aliyobaki nayo, na sisi tumeifuta kwa kalamu.

Kwa hiyo kabla ya spana nauliza. Ulikuwa kwenye nguvu gani? Ulivuta hewa ya moto, yaani kile kitasa kinachoingiza hewa iliyopashwa joto kwenye kabureta kuyeyusha barafu? Injini ilifanya nini ulipovuta? Jibu la swali la tatu ndilo ninalolisubiri. Wengi wanasema, "Nilivuta fundi, ikatetemeka zaidi, nikairudisha haraka." Barafu inapoyeyuka injini inameza maji, inakohoa kwa muda, kisha inapanda. Aliyeirudisha amekatisha dawa katikati.

Rubani wa asubuhi ile alijibu tofauti. Alisema alivuta na hakuona badiliko lolote, si baya si zuri. Wakati huo mwenye ndege alikuwa ameshashinda ubishi na kabureta ilikuwa mezani, boya zima, sindano nzima. Tuliirudisha, tukawasha, nikamwomba avute hewa ya moto kwenye mizunguko 1,700. Sindano ya kipimo haikusogea. Ilipaswa kushuka, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Nilipiga magoti chini ya pua ya ndege nikatia tochi kwenye boksi la hewa. Kibano cha waya kilikuwa kimeteleza. Kitasa kule kwa rubani kilivutika mpaka mwisho, lakini mlango wa hewa ya moto ukafunguka upana wa kucha tu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu alisema kwenye viwanja vya vumbi wamezoea kutokuijaribu kabisa, kwa kuwa hewa hiyo haipiti kwenye chujio. Ni kweli haipiti. Sekunde chache kwenye lami ya Dar zingeuonyesha ule ubovu wiki nyingi nyuma.

Kibano kilikazwa kwa bisibisi. Kabureta tuliyoishusha ilikuwa haijahusika hata kidogo.